Ukungu wa Ziwa la Umeme

Nilitokea kiwanda cha Shituru, nilikokuwa karani wa ghala. Siku ya kwanza ya kazi mpya, mkuu wa kituo cha umeme alinipeleka kwenye kiwanja cha nyasi kando ya bwawa la umeme, nje kidogo ya mji wa Likasi, akanionyesha vipimajoto viwili. Kimoja kilikuwa kikavu, kingine kimefungwa kitambaa chenye maji. Tofauti yao hueleza unyevu wa hewa. Palikuwa pia na beseni pana la kupimia maji yanayopotea kwa mvuke. Alitaka kujua jua linakula kiasi gani cha maji ya mitambo. Watu wa bondeni hakuwataja.

Miezi ya baridi ilinifundisha mengine. Ardhi hupoa upesi usiku, lakini ziwa la bwawa hushika joto. Alfajiri mvuke wake hukutana na hewa baridi, ukawa ukungu. Ulishuka bondeni, ukachanganyika na moshi wa makaa, ukafunika barabara. Niliripoti kwa mkuu yule, kisha kwa aliyemfuata, nikiomba taa na vibao vya onyo. Wote walinishukuru kwa adabu. Hakuna kilichowekwa.

Asubuhi moja lori lilimgonga Ilunga, aliyekuwa akipeleka samaki mjini kwa baiskeli. Dereva alisema hakuona kitu mpaka aliposikia kishindo.

Baada ya mazishi, mjane wake, Ngalula, alikuja kwangu.

“Yaya, dada yangu, unambie kweli. Ni mayi yenu ya ziwa ilimuua?”

Nilitamani kusema ndiyo. Lakini bonde lile lilikuwa na ukungu wake tangu zamani. Ziwa liliongeza kiasi gani, sikujua, kwa sababu hakuna aliyepima hewa kabla mto haujafungwa. Nilimweleza hivyo.

“Basi hata weye haujue,” alisema, akaondoka. Hakunisalimia tena, wala simlaumu. Mkuu wa wakati ule alipopata habari ya jibu langu, alilitumia kukana lawama mbele ya ndugu wa marehemu.

Sasa nimestaafu. Waliponiambia wanajenga bwawa jingine upande wa juu wa mto, nilimwendea mkuu wa leo, nikamsihi hewa ya bonde la huko ipimwe mapema, maji yangali yanapita.

“Tutapima, mama. Tumalize ukuta kwanza,” alinijibu kwa upole.

Ninyi mnaoanza kazi hii, nendeni mkaone. Ukuta umekwisha. Maji yamefika kwenye matawi ya miti, na hewa iliyokuwa pale hakuna tena awezaye kuipima.