Picha Ambayo Simu ya Baba Mkwe Haikuiweza

Baba mkwe wangu hakuwa na shida na mimi. Shida yake ilikuwa kibanda changu cha picha pale Bariadi, hasa baada ya yeye mwenyewe kununua simu yenye kamera tatu. Akaniita kwake Sola. Nikafika, nikainama, nikasema, "Mwangaluka, baba." Akaitikia huku ameninyooshea simu usoni. Akanipiga picha, akanionyesha.

"Ona. Nimekupiga bure, na umetoka mzuri kuliko ulivyo."

Niliangalia. Hakukosea.

"Sasa sikiliza, ng'wanawane, mwanangu. Niletee picha moja ambayo simu hii haiwezi kupiga. Moja tu. Pamba ikiisha shambani hujaleta, funga hicho kibanda uje huku tulime. Jembe lako nimeshalitia mpini."

Na kweli lilikuwepo, limeegemea ukuta, mpini mpya mweupe, linanitazama kama mtu aliyeahidiwa mke.

Mimi si msomi wa kubishana na wakubwa. Shule niliachia kidato cha pili. Fizikia tulikutana, tukasalimiana, kila mtu akaenda zake. Ninachojua ni kupiga watu waliosimama mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji, na kupiga mbio za baiskeli, ambazo kwetu ni sherehe kubwa. Kwenye mbio huwa ninapanda pikipiki nimempa dereva mgongo, tumefungwa pamoja kwa ule mpira wa tyubu wa kufungia magunia, wanyonga baiskeli wote wanakuja usoni kwangu na jasho lao. Tukiingia shimo tunaingia wawili, kama tulivyoapa kanisani.

Kumbe kazi hiyo ndiyo iliyoniokoa. Pamba ilikuwa imeshaanza kuvunwa, na mimi nimeshaanza kuota mpini, ndipo mama mmoja wa ofisi ya utamaduni, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kwetu, akanipigia simu.

"Kuna wageni wako kiwanja cha ndege, wanatafuta mpiga picha asiyeogopa kukaa kinyumenyume. Nimewaambia ninaye mmoja, akili yake yenyewe imekaa hivyohivyo."

Nilikuta ndege mbili kwenye vumbi. Moja ya kawaida, ya watalii, ila mlango wa nyuma umetolewa. Ya pili ilinifanya nivue kofia bila kuambiwa. Ilikuwa ndege ya Vita vya Pili vya Dunia: pua ya mviringo kama sufuria ya msibani, mwili wa kijani, inanuka oili ya moto. Mwenyewe ni mzee wa Kizungu, mkimya, mweupe wa nywele. Aliikuta imekuwa chuma chakavu, akaitengeneza mwenyewe kwa miaka mingi mpaka ikaruka tena, na sasa anazunguka nayo Ziwa Victoria. Mpiga picha wake alikuwa Mkenya, mkono umening'inia kwenye kitenge.

"Ulianguka na ndege, kaka?" nikamuuliza.

"Ndege gani? Nimekaa hewani maisha yangu yote bila mkwaruzo. Ni bodaboda ya Lamadi imenimaliza. Wewe ndio ule msee wa kukaa nyuma-mbele?"

"Ndiyo mimi."

"Umewahi kupanda ndege?"

"Hata lifti sijawahi."

Akacheka mpaka akashika mkono wake kwa maumivu. Halafu akanivisha kamera yake shingoni na kunieleza kazi. Mimi nitakaa kwenye mlango wa ile ndege ya watalii. Mzee atakuja na ndege yake karibu nasi, karibu kabisa, tukiwa hukohuko juu. Anataka picha moja: ndege yake, chini mashamba meupe ya pamba, nyuma ziwa. Wakitoka hapo hawarudi, mzee anaendelea na safari.

"Na chunga propela, boss," akasema. "Shata ya kamera ikifunguka na kufunga haraka sana, propela itatoka imesimama. Ndege itakaa ni kama toy imefungwa na uzi."

Niliitikia kama mtu aliyeelewa. Moyoni nilikuwa namwona baba mkwe.

Rubani wa ndege yetu alikuwa dada wa Kitanzania mwenye miwani myeusi. Walinifunga mikanda ya kitaalamu mpaka nikawa kama mzigo wa dagaa wa kwenda mbali. Bado nikatoa mpira wangu wa tyubu, nikaongezea.

"Huo wa nini?" dada akauliza.

"Huu ndio ninaofahamiana nao."

"Basi angalia mbele tukiruka."

"Dada, mimi mkate wangu uko nyuma."

Tukaruka. Sitasema nilipiga kelele. Nitasema tu kwamba vile visikizi vya masikioni vilikuwa na maiki, na dada alisikia sala zote, za Kiswahili na za Kisukuma. Mashamba yalikuwa meupe kama mtu kamwaga unga, na kule nyuma tulikotoka, upande wa Kalemela, ziwa linawaka. Halafu ile ndege ikatokea nyuma yetu. Ilipanda polepole, pua ikakua, mpaka nikaona meno ya mzee.

Nikapiga. Nikapiga kama arusi ya mtoto wa mwenyekiti. Nikaangalia kioo cha kamera. Kwa woga nilikuwa nimeweka shata ya haraka, ya jua kali, ileile ya bwana arusi asitikisike. Lile pangaboi la mbele, yaani propela, lilikuwa limesimama kimya, kama la ofisini umeme ukikatika. Ndege nzima ilionekana inangojea kudondoka kwenye pamba ya watu.

"Umepata?" dada akauliza. "Mzee anasema upepo unabadilika, anaweza kuja mara moja tu tena."

Hapo nikamkumbuka mnyonga baiskeli mmoja aliyenirudishia picha yake ya ushindi. Nilikuwa nimeigandisha, kila njiti ya tairi unaihesabu. Aliniambia, "Nimewaacha watu wote, wewe umenipiga nimeegesha." Tangu siku ile mbio nazipiga kwa shata ya taratibu, na mwili wangu wote unamfuata mtu, kiuno, mabega, pumzi, kama tumefungwa kamba moja.

Nikashusha shata. Nikakaza mpira.

"Mwambie aje," nikasema. "Ashuke kidogo, anione kwa juu. Na atabasamu."

"Atabasamu?"

Ilinitoka tu, ni mdomo wa kibandani. Lakini dada akamfikishia kwenye redio. Mzee akaja, akalaza bawa moja, na ndani ya kioo cha ndege yake, na miwani yake mikubwa, akatabasamu kama mtu wa kitambulisho. Nikaenda naye. Sikuwa na woga tena, nilikuwa barabara ya Lamadi na mshindi anakuja.

Tulipotua, Mkenya alipitia picha kwa mkono wake mzima. Nyingi zilikuwa uji. Akapita, akapita, akasimama.

"Aisee," akasema, na akamwita mzee.

Pangaboi lilikuwa duara la moshi. Ndege imekaza, kila ribiti iliyoshonea bati inaonekana, pamba chini, ziwa nyuma. Mzee aliangalia muda mrefu, akavua miwani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Hatukuwa na lugha moja. Nikamwambia, "Wabeja," asante ya kwetu, akaitikia kitu, tukaelewana.

Mkenya akanipa nakala, nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu, nikapanda nayo pikipiki mpaka Sola. Pamba bado ilikuwepo shambani.

Baba mkwe aliiweka mapajani.

"Ulikuwa wapi unapiga hii?"

"Ndani ya ndege nyingine, baba. Mlango umetolewa."

"Umetolewa na nani?"

"Na wenyewe."

"Kwa kusudi?"

"Kwa kusudi."

Akatoa simu, akaielekeza angani, akairudisha mfukoni. Akapitisha kidole juu ya pangaboi, taratibu, kama anaogopa litamkata.

"Hili linazunguka," akasema.

"Linazunguka, baba."

Akainuka, akachukua lile jembe la mpini mweupe. Nikajua nimekwisha. Kumbe analipeleka kwenye tuta la viazi. Akavaa koti lake la kanisani, akatema mate viganjani.

"Usinisimamishe ukutani," akasema. "Mimi nalima, wewe piga. Na jembe lionekane linatembea."