Wimbo Ulioanza na Besi ya Jirani

Majilio yalipoanza mwaka huu, mtu mmoja aliandika katika kikundi cha simu cha shirika letu: kila mmoja atume wimbo wa Noeli anaoupenda kuliko yote. Haya, simu ikaanza kulia. Zikaja korali za Kinshasa na kanzu zinazong'aa, zikaja za Ulaya ndani ya makanisa makubwa, na mzee mmoja akatuma wimbo uleule mara tatu kwa sababu hakujua kama umefika. Mimi sikutuma kitu. Wimbo ninao, lakini haukurekodiwa popote. Na nikiuimba peke yangu hutausikia, kwa maana mimi ni sauti ya pili, na wimbo wenyewe unaanza na besi. Basi kaa kidogo, rafiki yangu, nikusimulie.

Tulikaa Mabanga, mtaa wa Goma, katika nyumba za mbao zilizojengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Zilikuwa zimekaribiana hivi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kutoka kitandani. Nyumba ilikuwa ya koko, mama yake mama yangu, aliyetoka upande wa Butembo akiwa bado kijana na ambaye hakuwahi kujifunza kuongea polepole. Mama aliuza mboga. Alfajiri alipokea karoti, kabichi na poaro, ndugu mrefu wa kitunguu, kutoka Kibumba, bado zina udongo, na sisi watoto tulizisafisha kabla ya kwenda shule. Hata leo nikisikia harufu ya poaro mbichi, vidole vinakumbuka ile baridi. Maji ya kusafishia yalitoka katika pipa la koko, pipa la bluu lililosimama ukutani, kwenye uwazi mwembamba kati ya nyumba yetu na ya jirani. Mvua ilinyesha juu ya bati la jirani, ikateremka, ikaingia katika pipa letu. Ilikuwa hivyo tangu nizaliwe, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Majilio kwetu yalikuwa na desturi yake. Kila juma, shirika, yaani nyumba za avenyu yetu zilizosali pamoja, lilikusanyika jioni kwa mtu mmoja, na mwenye nyumba alipaswa kutoa vitu viwili: chai na wimbo. Chai ilikuwa ya tangawizi, kali mpaka watoto wanatoa machozi, na mandazi, na kwa mwenye nacho kipande cha jibini ya Masisi. Wimbo aliuchagua mwenyewe, ule anaoupenda, akaeleza kwa nini anaupenda, kisha wote wakaurudia mpaka uive. Nyimbo nne za majuma manne ndizo tulizokwenda nazo parokiani siku ya mkesha. Kukataa wimbo wa mwenzako ilikuwa mwiko. Fundi viatu alisema anaupenda wake kwa sababu ni mfupi, tukauimba. Mama wa kwenye kona alichagua kila mwaka wimbo wenye beti zisizo na mwisho, tukauimba wote, watoto wakisinzia mabegani mwa dada zao.

Sauti nazo zilikwenda kwa nyumba. Nyumba yetu ilikuwa alto, ile sauti ya pili: koko alto, mama alto, na mimi nikaingia humohumo bila kuulizwa. Kwa miaka mingi nilidhani kila wimbo unaimbwa hivyo tunavyouimba jikoni. Siku niliyosikia soprano vizuri, nilifikiri wale wamama wamekosea.

Besi ilikuwa ya jirani, yule mwenye bati. Tulimwita papa wa sambaza, yaani baba wa vidagaa vya ziwani. Kabla hakujapambazuka alikuwa Kituku ufukweni, akingojea pirogi za wavuvi zitoke ziwani, na saa mbili mke wake alikuwa tayari sokoni na beseni. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, usingemdhania. Lakini alipofungua kinywa, vikombe vilitetemeka juu ya meza. Vijana wawili walisimama pembeni yake kuimba besi, na ukweli ni kwamba walikuwa wanamfuata tu. Siku aliyokuwa na mafua, hatukuwa na besi.

Mwaka ninaousema, mvua za Oktoba zilipoanza, papa wa sambaza alipanda juu na nyundo, akapigilia kipande cha bati pembeni ya paa lake, na maji yote yakapinduka kwenda upande wake. Alikuwa amenunua pipa jipya. Koko alitoka na kitenge kiunoni.

"Maji ni ya Mungu! Ni nani alishaona mutu anapindisha mvua na misumari?"

"Mama, bati ni yangu," akajibu huko juu, misumari mdomoni. "Na miye niko na watoto."

Koko alimtazama muda mrefu. Tulingojea aseme neno kubwa, kwa sababu maneno makubwa alikuwa nayo ya kutosha. Hakusema. Aliingia ndani, na tangu siku hiyo salamu ikakatika. Akitoka huyu, yule anakumbuka kitu alichosahau ndani. Wamama wa avenyu walijaribu, mmoja mmoja, wakaondoka na jibu moja: "Miye siko na neno na ye."

Wapiganapo tembo, nyasi huumia, na nyasi tulikuwa sisi. Asubuhi tulikimbilia foleni ya robine, lile bomba la mtaa, na bidoni, madumu ya manjano. Robine ikikauka, na ilikauka mara nyingi, tuliteremka mpaka ziwani. Kurudi ni kupanda, kamba ya bidoni inakata paji la uso, na juu yako mawingu yamejaa mvua ambayo haitakuwa yako. Nilimchukia papa wa sambaza. Nasema wazi, nilimchukia kabisa, na nilikuwa na mpango wa kumwambia siku nikikua. Mama, aliyeosha karoti zake kwa maji ya kuhesabu, alikuwa na hasira ya upande mwingine. "Mama," alimwambia koko, "kiburi haijazake pipa." Koko akajifanya hakusikia, mtu ambaye alisikia hata sarafu ikianguka nyumba ya tatu.

Majilio yakafika, na juma la nne lilikuwa zamu ya koko. Mwalimu wa korali, aliyefundisha pia shule ya msingi na kutembea na diapazoni yake ya kutolea noti mfukoni, alikuja mapema kumwuliza wimbo ni upi ili aandae. Koko akamtajia. Mwalimu akajikuna shingo.

Ulikuwa wimbo wa Yosefu na Maria wakitafuta mahali pa kulala. Aliutunga mwalimu aliyemtangulia huyu, akaufundisha kwa mdomo tu, mstari kwa mstari. Besi wanaanza peke yao, hao ndio Yosefu: *Hodi, hodi, wenye nyumba, mama amechoka, njia ni baridi.* Alto ndio wenye nyumba, wanajibu: *Nafasi hakuna, nafasi hakuna, endeni mbele.* Mara mbili anabisha, mara mbili anakataliwa. Mara ya tatu alto wanafungua, *ingieni, ingieni, moto unawaka,* na hapo ndipo soprano na tenori wanaingia kwa furaha na sauti zote nne zinakutana.

"Koko," mwalimu akasema, "si uchague ingine? Ile inaanzaka na besi."

"Najua fasi inaanziaka."

"Na kama papa wa sambaza hakuye?"

"Kama hakuye, tutakunywa chai."

Habari ilizunguka avenyu kabla mwalimu hajafika kwake. Watu walielewa. Bila besi, wimbo hauwezi hata kuanza, na shirika letu lingekwenda parokiani na nyimbo tatu, mbele ya mashirika mengine yote yenye nne. Lakini hilo lilikuwa aibu tu, na aibu hupita. Kitu kizito kilikuwa kwamba koko, ambaye hakwenda kuomba msamaha wala kudai chochote, alikuwa ameweka mlango wake wazi mbele ya watu wote. Papa wa sambaza asipoingia sasa, hataingia tena. Hapo hata sisi watoto tulijua kwamba habari ya maji imekwisha, tutabeba bidoni mpaka tuoe na kuolewa.

Jioni ya zamu ya koko mvua ilinyesha. Walikuja wote. Mke wa papa wa sambaza alikuja na watoto wake, akakaa karibu na mlango, akaomba radhi kwamba bwana ana kichwa kinauma. Wale vijana wawili wa besi walikuja, wakatazama chini. Mama alimimina chai. Mimi nilipitisha mandazi nikisikiliza mvua ikijaza pipa la upande wa pili. Watu walikunywa polepole kuliko kawaida.

Kisha koko akasimama kueleza wimbo wake. Alizungumza kwa sauti ileile ya siku zote, ile isiyojua ukuta.

"Mi nilifika hapa Goma na mutoto mu mugongo," akasema, akimwonyesha mama kwa kidevu, "na jua ilikuwa imeshazama. Nilibisha milango mpaka mukono ikachoka. Kila mutu: fasi hakuna. Mama moja njo alinifungulia. Akanipatia bugali, akanipatia kitanda yake, ye akalala chini. Na siku nilijenga hapa pembeni, akaniambia: tega pipa yako chini ya bati yangu, mutoto wangu, usiende kutafuta maji mbali. Ule mama alikuwa mama ya huyu wa sambaza. Ye alikuwa bado kuzaliwa. Njo maana ninapenda huu wimbo."

Akakaa. Kumbe! Mama alikuwa ameshika birika hewani, hakuwahi kuambiwa. Miezi yote ile ya bidoni, koko alikuwa na neno hilo mdomoni na hakulitoa, kwa sababu, alivyoniambia baadaye, mtu hapokei wema wa marehemu halafu akautumia kumpiga mtoto wake.

Mwalimu akagonga diapazoni kwenye goti, akatoa noti, akainua mkono. Vijana wawili wakafungua kinywa, wakakifunga. Mkono wa mwalimu ukabaki juu. Mvua tu. Nilimwangalia koko, naye alikuwa anaangalia ukuta wa mbao. Sikuwahi kumwona akiwa mdogo hivyo kwenye kiti chake.

Ndipo sauti ikatoka ukutani. *Hodi, hodi, wenye nyumba.* Alikuwa kwake, ng'ambo ya mbao, labda amekaa kitandani, na besi yake ikapita katikati ya nyufa kana kwamba ukuta haupo. Mke wake akafunika uso na kanga. Lakini wimbo ni wimbo, na alto tulipaswa kujibu. Koko akavuta pumzi na akaimba *nafasi hakuna, endeni mbele* kwa moyo wake wote, kwa utamu uliowekwa akiba tangu Oktoba. Fundi viatu akacheka, akashindwa kujizuia, na chumba kizima kikacheka. Mara ya pili sauti ilikuwa nje, uani, ndani ya mvua. Tukamkataa tena. Mara ya tatu alikuwa amesimama mlangoni petu, shati limeshikamana na mbavu, anaimba akimtazama koko peke yake. Tukaimba *ingieni.* Koko hakufikia mwisho wa mstari. Tulimalizia sisi.

Usifikiri walikumbatiana. Koko alimpa kitambaa cha kujifutia na kikombe cha chai, akamwambia ameimba chini kidogo mara ya pili. Yeye akasema ni mvua. Wimbo tukaurudia mpaka ukaiva.

Bati nalo hakuliondoa. Kesho yake alipanda juu, akang'oa misumari, akalifunga kwa kamba ili lizunguke: mvua hii kwake, mvua ijayo kwetu. Sisi watoto ndio tulikuwa wageuzaji, na tuligombana bila kuchoka juu ya manyunyu, kama nayo ni mvua au si mvua. Kuhusu mkesha wa Noeli parokiani sina mengi ya kusema. Tuliimba vizuri. Watu wa madawati ya mbele waligeuka nyuma kutafuta besi ile inatoka kwa nani, na hawakumpata, alivyokuwa mfupi.

Leo hakuna kitu cha kukuonyesha. Volkano ilipita, vita vikapita, vikarudi. Papa wa sambaza alivuka ziwa na watu wake kwenda Bukavu, na huko ndiko alikozikwa. Koko naye amelala. Mwalimu hakuacha karatasi yoyote ya wimbo ule. Pale penye nyumba zetu mbili pamejengwa nyumba moja ya matofali, nzuri, sina la kusema. Silii juu yake. Zile mbao zilipitisha baridi, na mgongo wangu bado unakumbuka njia ya ziwani.

Ninakaa mtaa mwingine sasa. Nina ukuta mrefu, geti la chuma, na tanki langu mwenyewe, na jirani yangu ana lake. Ni mtu mwenye adabu. Tukikutana getini ananiambia "jambo mama", namjibu "jambo papa", kila mtu anaingia kwake. Miaka yote hii hatujagombana hata siku moja. Na sijui anaimba sauti gani.