Muhuri wa Mzee

Kila nikisikia harufu ya udi wa vijiti, narudi sebuleni kwa majirani zetu Wavietnamu, kule mtaani kwetu Mutanga Sud. Walikuwa watatu tu: mzee, mkewe, na shemeji yake fundi wa magari. Walikuwa wamekimbia kwao, na chama chao kilidai nchi yao ipige kura huru. Kila barua waliyotuma ilipigwa muhuri ambao mzee, mwenyekiti wao, alitembea nao mfukoni.

Siku moja waliniita nihesabu kura zao za kumchagua mwenyekiti.

"Weye ni mutoto, hauna upande," mke wa mzee aliniambia.

Mmoja mmoja waliingia nyuma ya pazia la jikoni, wakatumbukiza karatasi katika kopo tupu la maziwa ya unga. Risasi zililia milimani. Nchini kwetu sisi, vita vilikuwa vimefuata kura. Nilizifungua karatasi. Mzee, moja. Mkewe, mbili.

Nilisubiri ugomvi. Mzee alisimama, akatoa muhuri, akainama na kumkabidhi mkewe kwa mikono miwili, kama anayempa mtoto mchanga. Kisha akaenda kuchemsha chai.

Nyumbani nilimwambia mama, "Muzee ameshindwa kura."

Mama aliacha kukoroga maharage. "Sasa amekimbilia wapi?"

"Apana, mama. Ametupikia chai."

Mama alikaa chini, mwiko ungali mkononi.

"Niambie tena," akasema. "Polepole."