Dawa ya Mwisho Katika Banda la Shemeji

Kinyesi hakijawahi kunitia kinyaa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia kazi yangu hukunja pua kabla sijamaliza kueleza. Mimi ni mtafiti wa bakteria wanaoishi tumboni, na bakteria wa tumboni huwatafuti penginepo. Nimefungua vikopo vya choo cha watoto wa mtaa wa Nkuhungu, cha mbuzi, cha ng'ombe, cha mbwa wa mitaani, halafu nikanawa mikono na kula chakula changu cha mchana bila wasiwasi wowote. Aliyeona kinyaa ni mama mkwe. Nilipoolewa aliniondoa kwenye unga wa chapati kwa upole, akaniambia, "Wewe mwanangu kaa tu, umechoka na kazi." Baadaye nikamsikia jikoni akimnong'oneza wifi yangu, "Unajua mikono ile leo imeshika nini?" Nilicheka peke yangu sebuleni.

Kinyaa changu mimi kilikuja baadaye sana, na hakikutokana na harufu.

Wakati huo tulikuwa tunapima kuku wa nyama wanaofugwa pembezoni mwa Dodoma. Tulitaka kujua bakteria walio matumboni mwao bado wanauawa na dawa zipi, na zipi zimeshashindwa. Dawa za kuku ni ndugu wa dawa tunazopewa sisi tukiugua. Bakteria akishazizoea ndani ya kuku, kuhamia kwa mtu si kazi: mkono ambao haukunawa, kisu, paja lililoungua nje likabaki na damu mfupani. Mume wa dada yangu mkubwa alikuwa na banda Mkonze, na aliposikia tunatafuta wafugaji alinipigia mwenyewe.

"Shemeji, utazunguka mji mzima na mimi nipo? Njoo kwangu."

Nilikwenda asubuhi ya kiangazi, vumbi limejaa mpaka kwenye kope. Ndani ya banda maranda yalikuwa yameloa na kugandamana, na hewa ilichoma macho. Maji kwenye vyombo vya kunyweshea yalikuwa na rangi ya njano, ya dawa.

"Wanaumwa?" nilimuuliza.

"Hapana, wazima kabisa."

"Sasa dawa ya nini?"

"Ili wasiumwe."

Lakini kwenye kona palikuwa na wachache waliojikunyata, manyoya yamesimama, nyuma kumechafuka kwa kuharisha. Shemeji alimwinua mmoja, akamwangalia machoni, akatoka naye nyuma ya banda. Nikasikia mabawa yakipigapiga chini. Akarudi anafuta kisu kwenye suruali, akamfuata mwingine.

"Wa chipsi wanakuja mchana," alisema. "Nikimwacha afe nimekula hasara. Nikimwahi ni nyama."

Alicheka, tena kicheko cha mtu mwema, kwa sababu ndivyo alivyo. Ni mtu wa kanisani, mcheshi, anayekumbuka kuuliza hali ya kila mtoto nyumbani. Nilichukua sampuli zangu kwa vijiti vya pamba, na aliponipa mkono wa kuniaga nilisingizia glavu.

Kupima kwenyewe ni rahisi kueleza. Unaotesha bakteria kwenye sahani yenye chakula chao mpaka watande kama utando wa uji uliopoa. Juu yake umeweka vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Dawa inayofanya kazi huacha duara safi pembeni mwake. Iliyoshindwa haiachi kitu, bakteria hujaa mpaka kwenye karatasi. Sahani za shemeji zilitanda kote. Dawa ninazoziona kila siku zikiandikwa kwa watoto wanaoharisha, kwa kina mama wenye maumivu ya mkojo, hazikuacha hata alama. Duara lilikuwa moja tu, la dawa ambayo hospitalini huwekwa kwa ajili ya mgonjwa ambaye nyingine zote zimemshinda.

Nikaona nimwite aje ajionee. Niliamini mtu akiona kwa macho yake ataogopa. Alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, akainama juu ya sahani zile kimya, na nilipokuwa nikimweleza alitikisa kichwa kwa masikitiko kabisa. "Hii imeshindwa? Na hii? Hata hii? Mungu wangu." Moyo wangu ukatulia.

Halafu akaweka kidole juu ya lile duara.

"Na hapa?"

"Hapo ndipo pamebaki, shemeji. Hiyo ndiyo ya mwisho."

"Kwa hiyo hii inawaua."

"Inawaua, lakini si ya..."

Alikuwa ameshatoa simu na kupiga picha kile kidonge cha karatasi, herufi za jina la dawa zikionekana wazi. "Ahsante sana, shemeji," akasema. "Unajua ningeendelea kupoteza hela kwa dawa zisizosaidia?"

Nilimweleza tena, kwa sauti ya juu zaidi, kwamba ile ni ya wagonjwa mahututi. Akaitikia ndiyo, ndiyo, shemeji, nimekuelewa. Nilitaka kumwamini.

Baada ya wiki kadhaa nilipita sokoni Majengo kununua karanga, nikaingia kwenye duka la dawa za mifugo jirani na wauza nafaka. Niliuliza tu, kama mfugaji yeyote, dawa ya kuku wanaoharisha. Muuzaji, mama wa makamo mwenye ushungi mweupe, aliniwekea pakiti mezani bila kuniuliza kuku wana umri gani wala wanaharisha nini.

"Hii ndiyo wanayoisifia, dadangu. Watu wa Mkonze wote siku hizi wanataka hii. Kuna mtaalamu aliipima."

Ilikuwa ni ile ile, ya unga, imechorwa jogoo. Mtaalamu alikuwa mimi. Niliiacha pakiti pale pale mezani na kutoka bila kuaga. Nilijisikia kama mtu aliyeng'ata tunda akakuta nusu ya funza.

Kipindi cha pili cha kupima kilipofika nilirudi Mkonze. Maji bandani sasa hayakuwa na rangi, ila shemeji alikwepa kunitazama. Kwenye sahani, duara la mwisho lilikuwa limesinyaa. Kwa baadhi ya kuku halikuwapo kabisa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa dada nikiwa nimepanga maneno. Shemeji hakuwepo. Dada alikuwa amepika ugali, mlenda na kuku wa mchuzi, akanipakulia kama mgeni. Nilikula mlenda, nyama nikaisogeza pembeni.

"Kula bwana," akasema. "Huyo ni wa kienyeji. Wale wa bandani sisi hatuli."

"Hamli? Tangu lini?"

"Tangu tuanze kufuga. Na zile dawa zote? Nitawapaje watoto wangu?"

Alisema huku akimenya ndizi, bila aibu, kama anavyosema mtu kwamba hapendi bamia.

"Na wanaonunua?"

"Wanaonunua si wanawapenda? Na karo inatoka mle mle."

Mimi niliyefungua vikopo visivyohesabika vya choo nilitoka nje mbio na kutapika kwenye michongoma ya uani. Dada alinifuata na kikombe cha maji, akanishika mgongo.

"Una mimba?"

"Hapana, dada. Ni kinyaa."

"Kinyaa cha nini? Mlenda?"

"Chenu," nikamwambia.

Aliondoa mkono wake mgongoni. Alimwaga yale maji mchangani, akaingia ndani na kurudisha mlango.

Msimu mzima wa mvua hatukuzungumza. Shemeji alinitumia ujumbe wa adabu kwamba bandani kwake utafiti umetosha. Tuliendelea na mabanda mengine, tukaandika ripoti, na nikaiwasilisha ukumbini mbele ya watu waliotikisa vichwa kwa masikitiko yale yale niliyoyaona kwa shemeji. Tulipotoka kwa mapumziko, mfugaji mmoja alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini: sasa, kwa kuwa dawa hiyo nayo inachoka, iliyobaki inaitwaje? Nilimwambia haipo. Hakuniamini. Niliona machoni mwake kwamba ananidhani naificha kwa ajili ya wengine.

Mama mkwe siku hizi ananiachia unga wa chapati. Amezeeka, mikono inamuuma, na anasema mkono wangu una nguvu.

Dada alinipigia mahindi yalipokuwa yanakaribia kukomaa. Tulianza na shikamoo na habari za watoto.

"Ile dawa yako nimeitupa chooni," akasema. "Pakiti zote."

"Chooni, dada?"

"Ulitaka niitupe wapi?"

Nikafumba macho nikiwaza wale bakteria waliomo humo chooni.

"Na shemeji amesemaje?"

"Hakusema kitu," dada akajibu. "Amekwenda Majengo kununua nyingine."