Dada kwa Baba

Jumamosi ile tulikuwa tunachambua mchele wa Ramadhani, mimi na Zuwena, ukumbini kwetu Unguja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, yeye kanizidi miwili. Mtaa mzima ulijua kuwa ni shoga yangu, kama wanawake wa kwetu walio marafiki wanavyoitana, na neno hilo lilitutosha. Ndani yake tulipendana kama mke na mume wanavyopendana, na hakuna aliyeuliza. Alinicheka kwa kuacha mawe kwenye mchele. Alisema mume wangu, akitokea, atang'oka meno.

Alfajiri bunduki za Mapinduzi zikalia.

Tuliingia chini ya kitanda. Baba akatoka kwenda kufunga mlango wa nje.

Hakurudi.

Tulimkuta barazani mchana, kanzu yake imelowa damu. Naeleza hivi hivi tu, maana kila nikijaribu kueleza zaidi nakosea.

Miezi ilipita, meli ikatupakia sisi wenye asili ya Oman, ikatushusha Matrah, jirani na Maskati. Zuwena alipanda nami, lakini baba yake alikuwa Mngazija, hivyo hakuwa na haki ya kushuka. Karani wa forodhani akaniuliza kwa Kiarabu huyu ni nani wangu.

"Ukhti," nikasema. Dada yangu.

"Kwa baba au kwa mama?"

"Kwa baba."

Kwa mama isingefaa kitu, kabila hufuata baba. Karani akaandika jina la baba yangu baada ya jina la Zuwena, tukashuka. Nakiri nilifurahi, na msiba bado mbichi.

Alitupokea Ami Nasor, mdogo wake baba, nyumbani kwake Maskati. Hakuwahi kufika Unguja, na kaka yake alioa mara nyingi, basi hakushangaa kupata mtoto asiyemjua. Tulilala chumba kimoja miaka minne. Tulishonea watu nguo, tukajifunza Kiarabu cha kule. Mke wa Ami, aliyekuwa na Kiswahili chake kidogo, alituuliza vipi dada wa baba mmoja huitana shoga. Tukaliacha neno.

Siku moja Ami akaja na furaha yake. Kampatia Zuwena mume, askari wa jeshi anayehamia Salala, kusini, ambako vita vya Dhofari vilikuwa vimepamba moto.

"Miye ndiye walii wake," alisema. "Marehemu angenlaumu nkimwacha azeekee ndani."

Alikuwa mtu mwema. Ningemchukia ingekuwa rahisi.

Zuwena alinivuta jikoni. "Mwambie miye si dada yako. Hapo hana haki ya kunioza."

"Watakurudisha Unguja."

"Na wanirudishe. Unguja napajua. Huko nendako simjui mtu."

Niliogopa kumpoteza, na niliogopa pia kuulizwa kwa nini nilidanganya. Sikusema. Siku ya harusi nilimpaka hina mwenyewe. Hakunitazama usoni.

Mwaka uliofuata alikuja Maskati mara moja, akakaa siku kumi, hatukulitaja jambo lile. Akarudi kusini. Gari lililokuwa likimpeleka kwa mumewe likakanyaga bomu lililofukiwa njiani.

Alikufa palepale.

Bomu sikulifukia mimi. Nimejiambia hivyo kwa miaka hamsini na ni kweli, lakini haijanitosha. Neno moja forodhani lilimwokoa na neno lile lile likampa Ami amri juu yake, na nilipopewa nafasi ya kulifuta nilinyamaza.

Wanawake walikuja kunipa pole ya dada. Dada huombolezwa siku tatu. Siku ya nne mke wa Ami akanambia nioge, nitie wanja, nirudi kwenye ushoni wangu. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Nilizikaa zote, chumbani, bila wanja wala udi, nikawaambia naumwa.

Waliniamini. Nilikuwa nimeshazoea kuaminiwa.