Tundu la Thelathini na Moja

Masauso Jere hakupanda lifti kama watu wengine. Akiingia tu, kidole kilishafika kwenye kitufe cha simu ya dharura. Mlinzi wa chini akipokea kwa ukali, "Nani huyo? Umekwama?" yeye hujibu, "Sijakwama, bwana. Nilitaka kukusikia tu." Jengo lolote lile, liwe la benki au la wauza mabati. Mafundi wenzetu wa Lusaka walimcheka wakambandika jina, Bwana Haloo. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anamsikilizia nani.

Jina langu Nasilele. Nilifunga naye paneli za mtandao miaka kumi na sita, na Mungu asinisute, alikuwa fundi kunipita. Kwa asiyeijua kazi yetu: kila waya uliozikwa ukutani, wa kompyuta, wa kamera, wa simu, unakimbilia chumba kimoja, na huko tunaushindilia nyuma ya paneli yenye matundu ya namba. Waya mmoja una nyuzi nane, na kila uzi una meno yake ya kuubana. Uzi usiposhuka mpaka chini ya meno, leo unagusa, kesho haugusi. Ndiyo maana tunapima tundu mojamoja kwa mashine, na mashine inatoa karatasi yenye urefu wa waya na jibu: umefaulu, au umeshindwa.

Sasa nitasema jambo ambalo mafundi hawapendi lisemwe. Ijumaa mchana, mwenye jengo anagonga mlango, waya chache hazijapimwa. Unapima mmoja mzuri, unauhifadhi kwa namba mbili. Nani atajua? Nimefanya mimi, wamefanya wote, na anayekataa ni mwongo mchana kweupe. Masauso alifanya mara moja tu, katika jengo la ghorofa sita pale Barabara ya Cairo. Alipima tundu la thelathini akalihifadhi tena kama la thelathini na moja. La thelathini na moja lilikuwa la simu ya lifti.

Wiki ya tatu baada ya kukabidhi jengo, mgao wa umeme ukaingia saa nne asubuhi, lifti ikasimama katikati ya ghorofa mbili. Ndani alikuwamo mtu mmoja, Kasonde, karani wa bima, mwenye pumu, na dawa yake ya kuvuta ameiacha mezani. Simu ina betri yake, ilitakiwa ilie. Umeme uliporudi baada ya saa mbili, Kasonde alikuwa ameshakata roho, kidole kimechubuka kwa kubonyeza.

Chini mezani alikuwa mlinzi, Mzee Kayombo. Aliapa simu haikulia. Wakubwa wa jengo wakaibonyeza mbele yake, ikalia, tena kwa kelele. Wakatoa karatasi yetu: thelathini na moja, umefaulu. Basi, mzee alilala. Alifukuzwa siku hiyohiyo, na mtaa wake mzima wa Matero ukajua kuna mlinzi aliyekoroma mtu akifa.

Masauso alikwenda kimyakimya akafungua nyuma ya paneli. Uzi mmoja ulikuwa umekaa juu ya meno, haukushuka.

Yeye Mngoni, marehemu Mbemba, na hao ni watani toka enzi. Msibani kwa Kasonde watani wa Kingoni walikwishajaa, mmoja amejilaza kwenye kiti cha marehemu anadai chakula. Masauso akasimama katikati ya watu.

"Wabemba, nisikilizeni! Mimi ndiye niliyemuua ndugu yenu!"

Ua mzima ukaangua kicheko.

"Kweli tupu! Kwa mikono hii! Waya ulikuwa wangu!"

Bana Mutale, yaani Mama Mutale, mjane wa marehemu, aliyekuwa hajaonja hata uji kwa siku mbili, alijifuta machozi kwa kitenge akamjibu, "Mngoni wewe! Hata panya wenu wa kitoweo unawafukuza unarudi mikono mitupu, utamuweza Mbemba?"

"Msimpe nyama huyo!" mwingine akadakia. "Kashashiba uongo!"

Masauso akalia. Kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kucheka, wakasema huyu mtani anaijua kazi yake.

Mimi nilikuwa nyuma, mkoba kwapani, na ndani ya mkoba nakala zetu za zile karatasi. Nilikuwa nimezitazama asubuhi. Tundu la thelathini, mita arobaini na moja nukta sita. La thelathini na moja, mita arobaini na moja nukta sita. Waya mbili hazilingani hivyo, hata mapacha hutofautiana. Masauso alinifuata nje akanishika mkono.

"Dada, sema wewe. Wewe kabila lako Lozi, huna utani nao. Mimi nikisema wanacheka."

"Nyamaza, Masauso. Tutafungwa wote. Mimi nina watoto watatu."

"Na Mzee Kayombo je?"

"Mzee atapata kazi nyingine."

Hakupata. Nani amwajiri? Nimesema uongo mwingi maishani, huo ndio unaonirudia. Karatasi nilizichoma.

Masauso alikwenda kwa mwenye jengo, akatimuliwa: karatasi inasema umefaulu, unataka kunichafulia jina? Akawa kila mwisho wa mwezi anampelekea mzee mfuko wa unga. Akifungua mdomo aeleze, mzee anamkatiza: "Kichekesho chako nimekisikia, mwanangu. Unataka kunifariji. Usirudie."

Wakati mwingine tukiwa kazini, chumba hakina hata simu moja, alitega sikio kwenye paneli. "Nasilele, inalia." "Hakuna kinacholia humu, funga kazi." Nilimkaripia kwa sababu niliogopa. Siku hizi naisikia mwenyewe.

Moyo ulimsimama Juni hii, mwaka wa tisa tangu Kasonde afe. Wabemba hawakukosa msibani. Bana Mutale alikuja na sufuria kichwani, anaigonga kwa mwiko.

"Yuko wapi Mngoni wangu? Alisema alimuua mume wangu! Haya amka, umalizie na mimi!"

Watu hoi. Hata Mzee Kayombo, kajikunja pembeni na blanketi lake, alikuwa anacheka.

Nikasimama.

"Bana Mutale, mimi si mtani wako. Alichokisema ni kweli. Waya wa simu ulikuwa mbovu na hakuupima. Karatasi ilikuwa ya uongo. Niliiona."

Wawili watatu waliendelea kucheka, kisha wakatazama uso wangu wakaacha. Bana Mutale aliteremsha sufuria, akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Aliyesema ni mzee.

"Simu haikulia?"

"Haikulia, mzee."

"Mwanzo niliapa," akasema. "Mke wangu hakuamini, akaondoka. Watoto hawakuamini. Mwisho na mimi nikaamini kuwa nililala. Hata ndoto ninayo, najiona nimelala pale mezani na simu inalia." Akanigeukia. "Wewe ulijua lini, mwanangu?"

"Kabla hatujamzika Kasonde," nikamjibu.