Kopo la Nyigu

Mdogo wangu alisimama mbele ya friza, kopo la aiskrimu mkono mmoja, kifuniko mkono wa pili, akichungulia ndani. Nilikuwa nimeungojea uso wake tangu Julai. Kopo lilijaa nyigu mpaka juu, wakavu, safi, niliowachagua mmoja mmoja kwa kibanio cha nyusi.

"Yaya," akasema mwishowe, "umewachanganya."

Yaya, kwetu Kongo, ni ndugu mkubwa. Majirani zetu wa mtaa wa Lozells waliotoka Kenya walicheka kila walipolisikia neno hilo, kwa kuwa kwao yaya ni mlezi wa kuajiriwa. Sikubishana nao. Wazazi walipofariki niliacha shule nikalea wadogo wawili, nikafika nao Birmingham, Uingereza, na kufikia miaka hiyo nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo ya kuua panya, kunguni na nyigu. Huyu wa mwisho alikuwa anamaliza chuo kikuu. Shahada yake ilitegemea ripoti moja, na ripoti ilitegemea nyigu wangu.

Alikuwa amenieleza kwa simu, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, nikiwa juu ya ngazi. Nyigu wetu hawa wa kawaida walisafiri zamani, wamejificha kwenye mizigo, wakafika nchi za upande wa pili wa dunia na kujaza misitu ya watu. Huko wanatafuta namna ya kuwapunguza, labda kwa kuwaletea mdudu adui yao kutoka huku. Lakini je, walifika malkia wachache, na kizazi chote kikafanana, hata adui mmoja awaweze wote? Au walifika mara nyingi kutoka sehemu nyingi, na anayemuweza huyu atashindwa na yule? Ili kujua walichopoteza njiani, lazima kwanza ijulikane walichonacho nyumbani. Mimi nilisikia "nyigu wengi". Nikaanza kuokota kesho yake.

"Si wa Birmingham wote hawa?" nikamuuliza.

"Ni wa Birmingham. Lakini nani ni ndugu ya nani?"

Nyigu wa kiota kimoja, akasema, ni mabinti wa malkia mmoja. Alitaka mmoja kutoka kila kiota, kila mmoja na chupa yake na jina la mtaa wake, viota thelathini. Akiwachukua hivi hivi kutoka kopo, anaweza kupima vinasaba vya familia moja ya mtaa wa Sparkbrook akadhani amepima mji mzima.

Nyumbani kwetu tulikula sahani moja. Sheria hiyo niliiweka mimi, mwaka ule wa kwanza bila mama, ili mkubwa asifiche kitu na mdogo asilie. Chochote kilichoingia mlangoni kilimwagwa pamoja. Kutenganisha vitu vya kwetu sikuwahi kujifunza.

Oktoba ilikuwa mlangoni na kazi za nyigu zilikuwa zinakwisha. Sikulala vizuri tena. Nilichukua daftari langu la anwani nikaanza kurudi, kila siku baada ya kazi, mlango kwa mlango, kwa kuwa viota nilivyovipulizia dawa vilibaki darini na maiti zake, na mdogo wangu alisema mfu mkavu anamfaa. Bibi mmoja wa Moseley alinifungulia akiwa na hofu.

"Wamerudi?"

"Hapana, mama. Nimerudi mimi."

Alicheka, akanishikia ngazi. Wengine hawakufungua. Wengine walikuwa wameshatupa kiota. Nilikuwa nikishuka ngazi moja huku nikifikiria ya pili, nikila nimesimama, na kila asubuhi nikitazama vioo vya magari kama baridi imevigandisha. Ishirini na mbili. Ishirini na saba. Kwenye ishirini na tisa daftari likaisha.

Jumapili mdogo wangu alikuja kuzichukua chupa. Akiwa uani kwetu alinyanyua kichwa, akanionyesha mfereji wa paa. Nyigu mmoja alitoka chini ya kigae, mzito kwa baridi, akarudi ndani. Kiangazi kizima nilikuwa nimepita chini yake na mitungi yangu ya dawa nikikimbilia nyumba za watu.

Nilipanda. Mkono wa kulia, bila kuulizwa, ulishalifikia bomba la dawa ya unga.

"Mmoja tu, yaya," akasema kutoka chini.

Nilimshika mmoja, nikamshushia. Alimtia kwenye chupa ya thelathini na kuandika jina la mtaa wetu, herufi ndogo ndogo, akipuliza wino ukauke. Nilibaki juu ya ngazi na lile bomba mkononi. Wale wengine waliendelea kutoka na kuingia, na mimi sikujua nishuke au nimalize kazi.

"Shuka," akasema. "Chai inapoa."